Kufungwa kimvutano, kupinda kimvutano: kielezi hiki kina maana gani na kikae wapi?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Natafsiri makala za elimu ya anga, na kila mara nakutana na kielezi "kimvutano". Nyota mbili "zimefungana kimvutano", mwanga "ulipinda kimvutano", kimondo fulani "hakijafungwa kimvutano na Jua". Kwangu mimi mvutano ni ugomvi wa watu au kamba iliyokazwa. Kielezi hiki kinasema nini hasa? Na je, naweza kuandika "jiwe lilianguka kimvutano"?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na jiwe lako, kwa sababu jibu lake linafungua mengine yote.

"Jiwe lilianguka kimvutano" si kosa la sarufi, lakini ukiniletea sentensi hiyo niihariri nitalifuta neno la mwisho. Kuanguka ni kuvutwa na Dunia, kwa hiyo kitenzi kimekwisha kusema. Kazi kubwa ya "kimvutano" ni kutaja kani (nguvu inayovuta au kusukuma) iliyohusika pale ambapo msomaji angeweza kudhani ni kani nyingine: ya umeme, ya sumaku, ya msuguano, ya shinikizo la gesi, au vifungo vya kikemia. Pasipo na shaka juu ya kani, kielezi hiki hakina la kufanya. Kwa hiyo kila unapotaka kukiandika, jiulize: ingekuwa si kwa mvutano, ingekuwa kwa nini? Ukipata jibu lenye maana, kiache. Ukikosa, kitoe.

Sasa neno lenyewe. Kani ya mvutano ni ile inayovuta vitu viwili kwa sababu tu kila kimoja kina masi, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake. Hukua kadiri masi zinavyokua, na hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, kani inabaki robo. Isaac Newton aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1687, na mwaka 1798 Henry Cavendish akaipima ndani ya jengo, kwa mipira ya madini ya risasi iliyovutana kwa kani ndogo mno. Hapo ona jinsi lugha yetu ilivyobahatika. Neno limetoka kwenye "vutana", si "vuta", na ndivyo maumbile yalivyo: Dunia inalivuta jiwe, na jiwe linaivuta Dunia kwa kani ileile. Dunia haionekani kusogea kwa sababu masi yake ni kubwa mno. Kiambishi "ki-" kinafanya kazi ileile tunayoijua katika kisheria, kisumaku au kikemia. Na ile hofu yako ya ugomvi wa watu inaondoka kwa njia rahisi: mara ya kwanza katika makala andika kwa kirefu "kani ya mvutano", kisha ukitumia kielezi msomaji atajua unazungumzia mvutano upi.

Utagundua kwamba kielezi hiki karibu kila mara kinaambatana na vitu vikubwa. Hii si desturi ya waandishi tu. Mvutano ni kani dhaifu kupindukia. Watu wawili wa kilo 60 kila mmoja, wakisimama umbali wa mita moja, wanavutana kwa kani iliyo ndogo mara zaidi ya bilioni 2 kuliko uzito wa mmoja wao. Kati ya protoni na elektroni, kani ya umeme inauzidi mvutano kwa namba yenye tarakimu 40. Lakini umeme una chaji chanya na hasi zinazofutana, ilhali masi haina kinyume chake. Ukizidi kurundika maada, mvutano unajumlika tu. Ndiyo maana jiwe la mkononi limeshikwa na vifungo vya umeme kati ya atomu zake, lakini Dunia nzima imejishika kimvutano. Mahali fulani kati ya ukubwa huo na huo, mvutano unashinda ugumu wa mwamba na kuuviringisha. Sayari kibete Seresi, yenye kipenyo cha kilomita kama 940, tayari ni duara. Jambo hilo limo hata katika fasili ya sayari iliyopitishwa mwaka 2006 na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia: gimba liwe na masi ya kutosha ili mvutano wake lenyewe ulipe umbo la karibu duara.

Tuje kwenye "kufungwa kimvutano", ambapo watafsiri wengi huteleza.

Maana yake si kwamba vitu vimegusana, wala vimetulia, wala vinakaribiana. Maana yake ni kwamba haviwezi kuachana moja kwa moja bila kuongezewa nishati kutoka nje. Vinaweza kupishana kwa mamilioni ya kilomita, vinaweza kwenda mbali na kurudi, lakini vitarudi. Mwanafizikia huamua kwa hesabu: anachukua nishati ya mwendo na kuilinganisha na nishati inayohitajika kuvitenganisha mpaka umbali usio na mwisho. Ikiwa mwendo hautoshi, vimefungwa. Ikiwa unatosha, viko huru, hata kama kwa sasa vimepita karibukaribu na kupindishana njia.

Chukua Dunia na Jua. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita kama 30 kwa sekunde. Kutoka umbali huu, kitu kinahitaji kilomita kama 42 kwa sekunde ili kilitoroke Jua. 30 haifiki 42, basi Dunia imefungwa kimvutano na Jua. Sasa chukua chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977. Kilipita kando ya Mshtarii Machi 1979 na Zohali Novemba 1980, na mvutano wa sayari hizo ulikiongezea mwendo. Leo kinakwenda kilomita kama 17 kwa sekunde, na huko kiliko hata kilomita 4 zingetosha kutoroka. Kwa hiyo Voyager 1 haijafungwa tena na Jua. Jua bado linakivuta, na litaendelea kukivuta daima, ila halitakirudisha. Tofauti hiyo kati ya "kuvutwa" na "kufungwa" ndiyo ningependa uishike kuliko nyingine yoyote. Kila kitu chenye masi kinavutana na kila kingine. Vilivyofungwa ni vichache.

Hapo ndipo sentensi yako ya tatu inapohitaji marekebisho. "Kimondo hakijafungwa kimvutano na Jua" ina mambo mawili yanayonisumbua. Kimondo ni kile kinachowaka kikiingia katika angahewa; kama makala inazungumzia kitu kama 'Oumuamua, kilichogunduliwa Oktoba 2017 na darubini iliyoko Hawaii, basi kiite gimba. La pili ni zito zaidi: "hakija-" inampa msomaji picha kwamba bado, lakini kitafungwa baadaye. 'Oumuamua ilikuja kutoka nje ya mfumo wetu ikiwa na mwendo wa kilomita kama 26 kwa sekunde hata kabla Jua halijaiongezea kasi, ikapinda njia, ikaondoka zake. Andika "gimba hilo halikuwa limefungwa kimvutano na Jua" na utakuwa umesema kweli. Kwa Voyager 1, niliandika "haijafungwa tena" kwa makusudi, kwa sababu neno "tena" linaeleza kwamba hali imebadilika: kilianza kikiwa kimefungwa.

Kuhusu "kufungwa" na "kufungana": zote zinafaa, ila si sawa. Kimoja kikiwa kikubwa mno kuliko kingine, kama Dunia na setilaiti yake, "kufungwa na" linasomeka vizuri. Nyota mbili zenye masi zinazokaribiana huzunguka kitovu kimoja kilicho kati yao; hapo "zimefungana" ndilo neno, na sentensi yako ya kwanza iko sawa kabisa. Mfano mdogo ninaoupenda ni gimba Didymos na kimwezi chake Dimorphos, chenye upana wa mita kama 160 tu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo DART cha shirika la NASA kiligonga Dimorphos kwa makusudi. Kabla ya pigo, kilizunguka kwa saa 11 na dakika 55. Baada yake muda ulipungua kwa dakika kama 32. Pigo lilibadilisha mzunguko, halikuvunja kifungo. Mwandishi anayesema "kilisukumwa nje ya njia yake" bila kuongeza kwamba viwili hivyo bado vimefungana amemwachia msomaji picha isiyo sahihi.

Kosa la jamaa ya hilo ni kuwaandika wanaanga kuwa wako "mahali pasipo na mvutano". Katika kimo cha kilomita kama 400, kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa usoni mwake. Kituo kimeshikwa kimvutano barabara, la sivyo kingeondoka kwa mstari mnyoofu. Wanaanga hawahisi uzito kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja, na kwenda mbele kwao ni kwa kasi kiasi kwamba Dunia inapinda chini yao kila wanapoanguka. Andika "hawahisi uzito". Usiandike kwamba hawavutwi.

Kuna pia jambo ambalo si "kimvutano" tupu ingawa chanzo chake ni mvutano, nalo ni kupwa na kujaa kwa maji. Jua linaivuta Dunia kwa kani iliyo kubwa kama mara 180 ya ile ya Mwezi. Mtu angetarajia basi Jua litawale bahari. Lakini mchango wake katika kujaa kwa maji ni chini ya nusu ya ule wa Mwezi. Sababu ni kwamba maji hayainuki kwa ukubwa wa mvutano, yanainuka kwa tofauti ya mvutano kati ya upande wa Dunia ulio karibu na ule ulio mbali. Mwezi uko karibu, hivyo tofauti hiyo ni kubwa. Jua na Mwezi zikiwa kwenye mstari mmoja tunapata bamvua. Zikikaa pembe mraba, maji mafu. Kani hiyo ya tofauti ndiyo iliyoufanya Mwezi utuonyeshe uso mmoja siku zote. Kwa hiyo makala ikisema Mwezi umefungwa kwa namna hiyo ya uso mmoja, usitafsiri "umefungwa kimvutano", kwa maana hiyo ni habari nyingine kabisa. Andika "umefungika uso mmoja kwa kani za kupwa na kujaa". Ni ndefu, lakini inasema jambo lenyewe.

Nyotamkia Shoemaker-Levy 9 inaonyesha hali hizi zote katika kisa kimoja. Mshtarii uliinasa kimvutano, ikaacha kulizunguka Jua na kuanza kuizunguka sayari. Julai 1992 ilipita karibu mno, na tofauti ya mvutano kati ya upande wake mmoja na mwingine ikaivunja vipande kama 20. Iligunduliwa Machi 1993 ikiwa tayari mlolongo wa vipande, na Julai 1994 vipande hivyo vikaanguka juu ya Mshtarii kimoja baada ya kingine. Angalia jinsi nilivyotumia kielezi mara moja tu. "Ikanaswa kimvutano" inahitajika, kwa sababu kitu kinaweza pia kunaswa kwa msuguano wa angahewa. "Ikaanguka" haihitaji.

Sentensi yako ya pili, "mwanga ulipinda kimvutano", ni mahali ambapo kielezi kinastahili kabisa nafasi yake. Mwanga hupinda kwa njia kadhaa. Ukipita kwenye kioo, maji au hewa, unapinda kwa sababu mwendo wake hubadilika ndani ya maada hiyo, na rangi hazipindi sawasawa; ndipo upinde wa mvua unapotoka. Ukipita kando ya masi kubwa, unapinda hata katika ombwe, mahali patupu pasipo na maada, na rangi zote zinapinda kiasi kilekile. Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya mvutano mwaka 1915, na kutoka humo akakokotoa kwamba nuru ya nyota ikipita ukingoni mwa Jua itapinda sekunde 1.75 za pembe, ambapo sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya digrii. Wakati wa kupatwa kwa Jua mwaka 1919, vipimo vilichukuliwa katika kisiwa cha Príncipe, ambako mwanaastronomia Arthur Eddington alikuwapo, na Sobral nchini Brazili, navyo vilikubaliana na Einstein. Bila neno "kimvutano", msomaji angefikiri gesi ya Jua ndiyo iliyoupinda mwanga.

Saa nazo zinatoa mfano mzuri, kwa sababu humo kielezi kinatenganisha sababu mbili zilizomo ndani ya tarakimu moja. Saa za setilaiti za GPS hutangulia saa za ardhini kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) kama 38 kwa siku. Kimvutano zinatangulia kwa mikrosekunde kama 45, maana mvutano huchelewesha saa, nazo ziko juu ambako mvutano ni mdogo. Kwa sababu ya mwendo wao zinachelewa kwa mikrosekunde kama 7. Ukiandika tu kwamba "zinatangulia kimvutano kwa mikrosekunde 38", umekosea tarakimu, hata kama sarufi imenyooka.

Na kuna mahali ambapo sentensi nzima inabebwa na kielezi hiki pamoja na neno "tu". Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alitazama kundi la galaksi la Coma na kuona kwamba galaksi zake zinakwenda kasi mno. Kwa masi iliyoonekana, zisingekuwa zimefungana. Miaka ya 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walikuta nyota za pembezoni mwa galaksi zikizunguka kwa kasi isiyopungua kama ilivyotarajiwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kuna maada ya giza, isiyotoa mwanga wala kuuzuia. Tunaijua kimvutano tu. Ukifuta "kimvutano tu" kwenye sentensi hiyo, hubaki na chochote: maada hiyo hatujaiona kwa mwanga wala kwa joto. Ukikutana na maneno hayo katika tafsiri, yapeleke mwisho wa sentensi, ambako sikio la Kiswahili linatarajia uzito.

Mpaka hapa nimezungumzia "kimvutano" kwa maana ya "kwa njia ya mvutano". Kipo pia kwa maana ya "tukitazama upande wa mvutano", kama tusemavyo "kiuchumi, mwaka ulikuwa mgumu". Hapo kinatangulia na kufuatwa na mkato: "Kimvutano, Zohali haiko mbali na Dunia." Ni sentensi ya kweli inayoshangaza, kwa sababu masi ya Zohali ni mara 95 ya Dunia. Lakini nusu kipenyo chake ni zaidi ya mara 9, na umbali huo kutoka kitovuni unapunguza mvutano juu ya mawingu yake mpaka ukaribie ule tunaoujua, mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde. Mkato huo ni wa lazima. Ukiuondoa na kukipeleka kielezi mwisho, "Zohali haiko mbali na Dunia kimvutano", msomaji anaanza kutafuta kani inayozivuta sayari hizo mbili.

Nje ya elimu ya anga, kuwa mwangalifu zaidi, kwa maana mafundi wana maneno yao tayari. Maji yanayoshuka kutoka chanzo kilicho juu bila pampu huitwa maji ya mserereko, na bomba lake bomba la mserereko. Ukitafsiri mwongozo wa mradi wa namna hiyo, "maji yatafika kwa mserereko" ndiyo Kiswahili, na "yatafika kimvutano" hayatamwambia fundi kitu. Dripu iliyotundikwa juu ya mgonjwa nayo hushuka yenyewe, na "inashuka yenyewe" inatosha, au "inashuka bila pampu" ikiwa tofauti na mashine ndiyo inayosemwa. Sioni haja ya kuingiza neno la kitabuni mahali ambapo watu wa kazi wamekwisha kusema vizuri zaidi.

La mwisho, kwa sababu lazima utakutana nalo: mawimbi. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo viwili vya uchunguzi vya LIGO nchini Marekani vilinasa mtikisiko wa anga na wakati wenyewe, uliotokana na mashimo meusi mawili (magimba ambayo hata mwanga hauwezi kuyatoroka) yaliyoungana, moja lenye masi kama mara 36 ya Jua na jingine mara 29. Habari ilitangazwa tarehe 11 Februari 2016. Hayo yaite "mawimbi ya mvutano". Lakini wataalamu wa bahari na hewa nao wana mawimbi wanayoyapa jina linalokaribiana sana na hilo: yale ya kawaida ya maji au ya tabaka za hewa, ambayo yakiinuka hurudishwa chini na mvutano. Ukitumia jina moja kwa yote mawili, makala ya hali ya hewa itasomeka kama habari ya mashimo meusi. Kwa hayo ya pili mimi huandika "mawimbi yanayorudishwa na mvutano", na katika makala ndefu, baada ya kulieleza mara moja, hubaki na "mawimbi" peke yake.